Namba Iliyo Chini ya Tangazo

Vibeke Agerbo hakuwa mtu wa kuamini vitu ovyo. Akinunua mayai dukani alifungua boksi na kuligeuza kila yai, na kama bei ilikuwa imepunguzwa aliligeuza mara mbili. Utabiri wa hali ya hewa aliusikiliza ili ajue nini hakitatokea. Mlango wa nyumba, ambao majirani zake wote kule Jutlandi ya magharibi, Denmark, huuacha bila kufunga mchana kutwa, yeye aliufunga, akaenda zake, kisha akarudi kuusukuma aone kama kweli umefungika. Hata jina la baba yake hakuliacha alipoolewa, maana ndoa nayo hakuiamini kiasi hicho. Flemming Nørskov, mumewe, alikuwa akisema kwamba siku Vibeke atakapofika mbinguni atamwomba Petro kitambulisho.

Kwa hiyo kiwanda cha maziwa kilipotangaza kwamba kinafunga, yeye hakushangaa kama wengine. Alishaona dalili. Mashine zikiharibika zilikuwa hazitengenezwi tena, na wakubwa walikuwa wameanza kuleta keki siku ambazo hakuna aliyezaliwa.

"Wanatulisha keki bila sababu," alimwambia Jonna, rafiki yake wa upande wa kufungasha. "Hapa tunachinjwa, shoga."

Jonna alicheka. Haikuchukua muda, wote walikuwa nje, Jonna, Vibeke na Flemming, mke na mume wametolewa mlango mmoja siku moja.

Vibeke alikuwa ameingia pale akiwa msichana wa kuosha madumu, na akatoka akiwa ndiye anayeendesha upande wote wa krimu, ingawa cheo chenyewe hakuna aliyekumbuka kumpa. Flemming alikuwa wa ghala na magari, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, anayejulikana na kila mtu na kila mbwa wa wilaya. Sasa wote wawili walikuwa nyumbani wakitafuta kazi, na hapo ndipo mashaka ya Vibeke yalipopata malisho.

Maana hawakutafuta namna moja. Asubuhi Vibeke aliketi kwenye meza ya jikoni na kahawa yake na kipande cha mkate mweusi kilichopakwa ini la kusaga, akafungua kompyuta na kusoma matangazo. Alisoma kila tangazo kama mtu anayeuziwa nyumba na tapeli. Wanataka uzoefu wa hiki, anao. Wanataka cheti cha kile, anacho. Wanataka mtu "mwenye msukumo na anayependa mabadiliko". Hapo alisita, akaenda kumwagilia maua, akarudi, akajiuliza kama kweli anapenda mabadiliko. Likibaki sharti moja tu asilolitimiza, alilifunga tangazo zima. Hakutaka mtu aje amwite mwongo.

"Wakiandika wanataka, wanataka," alisema. "Mimi sibishi hodi kwa watu ambao hawajanialika."

Flemming hakuwa na subira na kompyuta. Yeye alichukua simu, akachomeka miguu kwenye viatu vyake vya mbao, akaenda kusimama kwenye kibanda cha gari huku kahawa yake ikipoa mezani. Vibeke alimwona dirishani, mgongo tu, mkono mmoja mfukoni, akienda huku na huku na kucheka. Mtu hana kazi, anacheka nini? Akirudi ndani na kuulizwa alikuwa anaongea na nani, alisema, "Watu tu."

Watu tu! Machale yakamcheza Vibeke. Huyu ni mtu ambaye akienda kununua misumari anarudi na habari za ukoo mzima wa mwenye duka. Leo ameongea kibandani mpaka pua imekuwa nyekundu kwa baridi, halafu ni watu tu?

Alianza kwa kushuku mwanamke. Nani asingeanza hapo? Kila Alhamisi Flemming alikwenda kwenye ukumbi wa michezo, alikokuwa akisaidia timu ya mpira wa mikono tangu goti lake lilipomkatalia kucheza, na alirudi amechangamka na ananuka bia. Vibeke aliinusa kola ya shati lake. Ilinuka soseji. Alimwangalia wakati wa chakula, akamwona anashambulia nyama ya nguruwe na viazi kwa hamu ya mtu asiye na dhambi, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Jonna alipokuja kunywa kahawa, Vibeke hakuzunguka.

"Shoga, mume wangu ana mtu."

"Flemming? Nani atamtaka Flemming?"

"Usimtukane mume wangu."

"Si wewe unayesema ana mtu!" Jonna alichovya biskuti kwenye kahawa. "Hana mtu wala nini. Anatafuta kazi. Ndivyo wanavyotafuta hao. Bent wangu, ile kazi yake ya mbao, unadhani aliandika barua? Alipiga simu moja, wakaongea uvuvi, wakaongea trekta, Jumatatu akaanza. Wanaume hawaombi kazi, mama. Wanaipigia mluzi."

"Anampigia nani?"

"Pale chini ya tangazo si wanaandika, kwa maelezo zaidi mpigie fulani, na namba?"

"Hiyo namba ni ya watu ambao hawakuelewa tangazo."

"Mimi pia nilijua hivyo," alisema Jonna. "Kwani nikipiga, si wataniona mjinga?"

Wanawake wawili walioendesha kiwanda kwa mikono yao wakakubaliana, juu ya biskuti, kwamba kupiga simu ni kujiaibisha. Lakini Jonna, akivaa koti mlangoni, aliacha neno.

"Ila Alhamisi nilimwona ukumbini amesimama na mwenyekiti wa klabu. Nilipopita wakanyamaza."

Vibeke hakuhitaji zaidi ya hapo. Sasa alishuku kila kitu. Hata kwenye kituo cha kazi, ambako wote wawili walitakiwa kwenda kuonana na mshauri yuleyule, alitoka amekunja uso. Mshauri, msichana mwenye sauti laini, alimwuliza kama amewahi kufikiria kutunza wazee, kwa sababu anaonekana mtu wa huruma. Vibeke hakuwahi kushutumiwa kwa huruma maishani mwake. Jioni alimwuliza Flemming yeye aliambiwa nini.

"Aliniuliza kama nimewahi kufikiria uongozi."

"Uongozi wa nini?"

"Hakusema," alijibu Flemming, akaongeza viazi.

Sasa kulikuwa na tangazo moja. Kiwanda kipya cha jibini kule barabara ya Holstebro kilikuwa kinatafuta mkuu wa zamu, na Vibeke alikuwa amelisoma tangazo hilo mpaka angeweza kulisema akiwa amefumba macho. Kusimamia watu, amesimamia. Usafi wa mitambo, anaujua. Maziwa, hayo hana haja ya kuulizwa. Ila mwishoni waliandika "Kijerumani kizuri", kwa kuwa jibini lao liliuzwa Ujerumani. Kijerumani chake kilikuwa cha shule, na kimelala tangu shule. Alimwambia Flemming neno moja tu kuhusu kazi hiyo, "Wanataka Kijerumani," na Flemming akasema pole. Kisha Vibeke akafunga kompyuta, akaenda kupiga pasi mashati ambayo hayakuwa na kunyanzi hata moja. Acha niseme mimi, kwa kuwa yeye hakumwambia mtu: aliitaka kazi ile kuliko zote alizosoma.

Chumba chao cha kufulia kina dirisha dogo linalotazama kibanda cha gari. Siku moja asubuhi Vibeke alilifungua, akaweka kikapu cha nguo chini ili akikutwa awe na kisingizio, akatega sikio.

"Torkild, bwana!" Flemming alikuwa anasema. "Flemming hapa, Flemming Nørskov. Ndiyo, yuleyule wa mpira wa mikono. Mwenyekiti kanipa salamu zako, ha ha! Mlitupiga vibaya mwaka ule, bwana, sijasahau... Sasa nasikia una nafasi ya mkuu wa zamu... Naam... Kijerumani? Aa, hicho nakimudu. Hakinisumbui."

Vibeke alishika mashine ya kufulia asianguke. Kijerumani cha Flemming! Kila kiangazi walipovuka mpaka kwenda Flensburg, Ujerumani, kununua makreti ya bia, ni yeye Vibeke aliyesukumwa mbele kwenda kuuliza bei, huku bwana huyu amejificha nyuma ya toroli. Na tangazo lenyewe alilionea wapi? Pale pale jikoni, kwenye kompyuta aliyoifunga yeye kwa uchungu.

Wakati wa chakula alimjaribu.

"Leo umeongea na nani?"

"Watu tu."

"Kuna kazi yoyote?"

"Aah, hakuna la maana," alisema Flemming, na macho yake yakaenda kwenye bakuli la viazi.

Angekuwa na mwanamke, Vibeke angejua la kufanya. Angemtupia viatu vyake vya mbao uani na sanduku juu yake. Kwa hili hakuwa na mfano wa kufuata. Usiku kucha aliendelea kulitafuna, na asubuhi akasema anakwenda kununua maziwa, ingawa maziwa yalikuwepo.

Aliegesha gari mbele ya duka, akazima redio, akaufunga mlango wa gari kwa ndani, kisha akaipiga ile namba iliyo chini ya tangazo. Ikilia mara tatu nakata, alijiambia.

"Brask," ilisema sauti nzito. Huyo ndiye Torkild, meneja mwenyewe.

"Habari za asubuhi. Naitwa Vibeke. Napiga kuhusu kazi ya mkuu wa zamu." Jina la pili alilibana. Hakuwa na haraka ya kumpa mtu asiyemjua.

"Karibu sana. Niulize chochote."

Alikuwa hakuandaa swali. Likatoka lile lililokuwa limemkaa kooni. "Hicho Kijerumani kinatakiwa kiwe kizuri kiasi gani?"

"Kijerumani gani?"

"Mmeandika kwenye tangazo."

"Ahaa, hicho! Hicho watu wa ofisini hukibandika kwenye kila tangazo, sijui kwa nini. Wajerumani wenyewe wakija wanaongea Kiingereza. Jibini unalijua?"

"Najua krimu. Jibini nitajifunza."

"Basi leta barua yako, mwisho Ijumaa. Unajua wewe ndiye mwanamke wa kwanza kunipigia? Wanaume wamenipigia mpaka sikio limeota sugu."

Vibeke alitazama watu wanaosukuma matoroli yao. Matangazo aliyoyafunga kwa ajili ya sharti moja yalimpitia kichwani, ya mwaka huu na ya miaka ile alipokuwa bado kijana na akitamani kupanda.

"Unatokea wapi?" aliuliza Torkild, mtu wa maongezi huyo, hana haraka.

"Kile kiwanda cha maziwa kilichofungwa."

"Oho! Basi unamjua Flemming Nørskov. Jamaa mmoja safi sana. Jana kanisimulia ile Jumapili ya radi, umeme ulipokatika, akamwaga tangi zima la krimu huku mkubwa wake anamfokea kwenye simu asithubutu. Mtu wa hivyo ndiye namtafuta, nakwambia kweli. Unaikumbuka siku ile?"

"Naikumbuka," alisema Vibeke.

Angeisahauje? Jumapili ile Flemming alikuwa kwenye kipaimara cha mpwa wake, amevaa tai, anaimba nyimbo walizotunga shangazi za kijana. Kiwandani alikuwa Vibeke. Umeme ulikatika, ukarudi, na kipimajoto kikasema krimu ni baridi, haina neno. Vibeke hakukiamini. Hakuna aliyejua krimu ile ilikaa katika joto kwa muda gani, na mkubwa, aliyekuwa kwenye nyumba yake ya kiangazi ufukweni, alikuwa anapiga kelele kwenye simu kwamba ipitishwe. Vibeke aliweka simu mezani, ikiwa bado inapiga kelele, akafungua vali ya kumwagia tangi kwa mkono wake, akasimama akiitazama krimu yote inaishia mferejini. Alipewa onyo, na asante hakupewa. Mtu mmoja tu alimsimulia, Flemming, aliporudi jioni na karatasi ya nyimbo mfukoni. Vibeke alilia siku ile. Flemming alimkanda miguu na kumwambia, "Umefanya vizuri, mke wangu."

Hilo ndilo lililomkata maini. Kazi angeweza kumsamehe. Lakini siku ile ilikuwa yake, aliilipia peke yake, na mume wake ameichukua kibandani na kumpelekea mtu wa mpira wa mikono kama zawadi. Alikasirika mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Alirudi nyumbani bila maziwa, akaandika barua ya maombi kwa kuipiga piga kompyuta, akaituma bila kuisoma mara ya pili. Kitu kama hicho hakuwahi kukifanya.

Wiki iliyofuata Flemming alikuwa anapaka siagi kwenye mkate.

"Jumatatu nina usaili," alisema, kama anayesema mvua inakuja. "Kule kwenye jibini."

"Si ulisema hakuna la maana?"

"Sikutaka kukupa matumaini ya bure."

"Mimi pia nina usaili Jumatatu."

"Ee, hongera! Wapi?"

"Kule kwenye jibini."

Kisu kilisimama. "Kazi gani?"

"Hiyohiyo."

Flemming alikiweka kisu chini. Wekundu ulimpanda kuanzia shingoni.

"Lakini wewe ulisema wanataka Kijerumani. Ulishaiacha. Sasa kitu umekitupa, mtu akikiokota amekuibia?"

Hapo alikuwa na neno, na Vibeke alijua. Lile lingine, la tangi, hakuligusa. Alitaka kuona kama atalitaja mwenyewe. Alimpa siku zote mpaka Jumatatu, akimwekea kahawa, akimwachia nafasi za kusema, akimwangalia mdomo. Flemming aliongea habari za mvua, za goti lake, za bei ya mbolea ambayo hanunui. La tangi hakulitaja.

Jumatatu walikwenda kwa gari moja, kwa kuwa walikuwa nalo moja. Flemming aliendesha, kama kawaida, akipiga mluzi.

"Akipata mmoja wetu, nyumba imepata," alisema.

"Nyumba," alirudia Vibeke, akageukia dirishani.

Flemming aliitwa kwanza. Vibeke alikaa kwenye korido yenye harufu ya maziwa yaliyoganda, mkoba magotini, na kupitia kioo cha mlango aliona mgongo wa mumewe na nyuso tatu mbele yake: Torkild, jitu lenye ndevu; mama mmoja wa ofisini mwenye miwani; na kijana mnene aliyeketi hapo kwa niaba ya wafanyakazi. Wote watatu walikuwa wanacheka. Kisha wakaacha kucheka na kuinama mbele kusikiliza, na Vibeke akajua amefika kwenye radi.

Flemming alitoka uso unang'aa, akamgusa bega.

"Watu wazuri sana. Usiogope. Nakusubiri kwenye gari."

Ndani walimmiminia kahawa. Torkild aliitambua sauti yake ya simu, akafurahi. Walimwuliza usafi wa mitambo, akajibu. Walimwuliza angefanya nini mfanyakazi akichelewa kila siku, akasema angekwenda kwanza kujua kwa nini, kwa kuwa hakuna mtu anayechelewa bure, na kijana wa wafanyakazi akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mama mwenye miwani akasema:

"Tuelezee siku moja ngumu kuliko zote ulizowahi kuwa nazo kazini."

Vibeke alikuwa na siku nyingine ngumu, angeweza kuchagua. Akiisema ile, ataonekana mwizi. Asipoisema, itakuwa ya Flemming moja kwa moja, itasimuliwa ukumbini na kwenye sherehe mpaka watazikwa, na yeye mwenyewe atakaa pembeni akiisikiliza. Akaanza. Radi. Umeme. Kipimajoto.

Hakufika hata kwenye vali. Kalamu ya yule mama ilisimama. Kijana alimtazama Torkild.

"Samahani, Vibeke," alisema Torkild polepole. "Hii tumeshaisikia leo."

"Sasa hivi tu," alisema mama mwenye miwani, na akamtazama Vibeke juu ya miwani. Vibeke aliitambua sura ile. Ilikuwa sura yake mwenyewe akigeuza mayai.

"Najua. Mmeisikia kwa Flemming. Ni mume wangu."

Kijana alikohoa.

"Siku hiyo hakuwepo kazini," aliendelea Vibeke. "Alikuwa kwenye kipaimara. Nilimsimulia mimi alipokuja nyumbani."

"Tatizo ni kwamba hilo ni neno lako na lile ni neno lake," alisema yule mama. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma.

Mwili wote wa Vibeke ulitaka kusema basi, tuliache hilo, niulizeni lingine. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Sharti moja likikwama, anafunga.

"Namba yake si mnayo?" alisema. "Mpigieni. Yuko hapo nje."

Torkild aliwatazama wenzake, akainua mabega, akapiga, akaweka spika na kuilaza simu katikati ya vikombe.

"Torkild, bwana!" Sauti ya Flemming ilijaa chumba kizima. "Nimesahau kitu?"

"Swali moja tu, Flemming. Ile Jumapili ya radi. Vali ya tangi aliifungua nani?"

Redio ya gari ilikuwa inasikika, kisha ikazimwa. Kupitia dirishani Vibeke aliweza kuona paa la gari lao kule chini, jekundu, limelowa mvua. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya kukosa kazi tena. Aliogopa kwamba Flemming atacheka kile kicheko chake na kusema ni yeye. Akisema hivyo, yeye atapandaje tena kwenye gari lile?

"Yupo hapo?" aliuliza Flemming.

"Yupo."

"Basi muulizeni mwenyewe. Mimi nilikuwa naimba."

Kijana wa wafanyakazi aliangua kicheko, Torkild akafuata, hata mama mwenye miwani akaficha mdomo. Vibeke hakucheka. Alikunywa kahawa yake yote, ingawa ilikuwa imepoa, kisha akaendelea pale walipomkatisha, kwenye vali.

Alipofika kwenye gari alimkuta Flemming amehamia kiti cha abiria. Ufunguo aliuacha juu ya kiti cha dereva. Vibeke aliingia, akafunga mlango, akakaa bila kuwasha gari.

"Ulijuaje?" aliuliza Flemming.

"Nilipiga simu."

Flemming alitikisa kichwa taratibu, akitazama vidole vyake.

"Kwa nini, Flemming?"

"Nilipoanza kusimulia nilitaka kusema mke wangu. Kweli nakwambia. Ila yule bwana alikuwa anasikiliza vizuri mno." Akafuta ukungu kwenye kioo cha upande wake. "Nisamehe, Vibeke."

"Nitaona," alisema Vibeke, akawasha gari. Alipiga kona bila kumwuliza kama upande wake kuna gari linakuja. Aligeuka akaangalia mwenyewe.

Ijumaa Torkild alipiga, na akampigia Vibeke. Flemming alipiga makofi kwa dhati, akaenda mjini, akarudi na keki ya krimu iliyochomekwa bendera ndogo juu yake. Vibeke aliizunguka keki ile mara mbili kabla ya kuikata. Baadaye jioni alimpigia Jonna, akamwambia afungue lile tangazo la ghala la mbegu ambalo Jonna naye alikuwa amelisoma akalifunga, atazame chini kabisa, na asimpigie yeye tena kabla hajaipiga hiyo namba.

Sasa Vibeke ndiye mkuu wa zamu, na Flemming bado anatafuta. Asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko Vibeke alikuwa kwenye chumba cha kufulia, dirisha amelifungua wazi kabisa bila kikapu wala kisingizio, na Flemming anajua lipo wazi. Alikuwa anampigia mtu kuhusu kazi ya kuendesha lori la maziwa. Waliongea goti, wakaongea mpira wa mikono, wakacheka. Kisha sauti ya Flemming ikashuka, ikawa ya mtu anayevuta kiti karibu.

"Basi, ndugu yangu, kulikuwa na Jumapili moja. Radi hiyo! Umeme ukakatika..."

Vibeke aliweka chini shati alilokuwa ameshika.

"Halafu mke wangu," alisema Flemming, na kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Vibeke hakulifunga dirisha. Alitaka kusikia na yanayofuata.